Dawa ya kifafa: damu iulizwe kabla ya kumlaumu mgonjwa

Mwezi huu naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Bila kosa hilo huenda nisingekuwa na haja ya kuandika makala haya.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kliniki kijana wa miaka 17, ameletwa na mama yake kutoka milimani. Walikuwa wameondoka nyumbani kabla ya jogoo wa kwanza ili waiwahi gari inayoshuka Same. Kijana alikuwa na kifafa tangu utotoni, na alikuwa akitumia dawa iitwayo fenitoini, vidonge 3 vya miligramu 100 kila siku. Majuma mawili nyuma alikuwa ameanguka mara 2, nasi tukamwongezea kidonge cha 4. Sasa amerudi na hali mbaya zaidi. Alitembea akiyumba, maneno yalimtoka kwa kuburuta, na macho yalimchezacheza kila alipotazama pembeni. Na kuanguka hakukukoma, bali kulizidi.

Nikamwuliza mama, "Unampa dawa kila siku?"

Akajibu, "Nampa, sista. Nasimama hapo hapo mpaka ameze."

Sikumwamini. Nilimgeukia kijana mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi, nikamwambia aache dengelua, maana dawa ya kifafa na pombe havikai chungu kimoja. Kijana aliinamisha kichwa. Mama yake akavuta khanga akajifunika uso.

Bahati nzuri daktari wa siku ile alikuwa na subira kuliko mimi. Aliandika barua ya rufaa, na huko kwenye hospitali kubwa kijana akatolewa damu ili kupima kiasi cha fenitoini kilichomo. Majibu yalisema miligramu 34 katika lita moja. Kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni kati ya 10 na 20. Kijana yule hakuwa ameonja hata tone la pombe. Alikuwa amelewa dawa, tena dawa tuliyompa sisi wenyewe.

Muda si mrefu baadaye akaja bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka 9. Mtoto huyu alikuwa akitumia fenobabitoni, na bado alikuwa akianguka karibu kila juma. Safari hii nilikuwa nimejifunza kidogo. Damu yake ilipopimwa ilionyesha miligramu 4 tu kwa lita, wakati angalau ilitakiwa 10. Nilimsalimu bibi, "Shikamoo bibi," akaitika, "Marahaba mwanangu," nikamwomba anionyeshe jinsi anavyompa mtoto dawa. Akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi ya vidonge na kisu kidogo, akakata kidonge nusu. Nusu ya leo, nusu ya kesho. Nauli ya kushuka mjini kila mwezi ilikuwa imemshinda, kwa hiyo alifanya dawa ya mwezi mmoja ifike miezi miwili. "Lakini nampa kila siku, mwanangu, sijaruka hata siku moja." Alisema kweli tupu.

Ndugu msomaji, angalia jambo hili. Swali lilikuwa lile lile, "Unampa dawa?" Jibu likawa lile lile, "Nampa." Wote wawili walisema kweli, na wagonjwa wote wawili walikuwa wanaanguka. Ila mmoja alikuwa na dawa nyingi mno na mwingine alikuwa na dawa kidogo mno. Kama tungewaongezea wote wawili dozi kwa kufuata desturi, yule wa kwanza tungemwumiza zaidi. Tangu hapo msimamo wangu ni huu: mgonjwa wa kifafa anayeendelea kuanguka, au anayeanza kuyumba, asiongezewe dawa wala asikaripiwe kabla hatujajua ni kiasi gani cha dawa kimo ndani ya damu yake.

DAWA NA MAJI YA NDIVA

Wengi huuliza, "Kwani kidonge si kidonge? Kama nimemeza miligramu 300, si ninazo miligramu 300?" Sisi wa Upareni tunaweza kulielewa jambo hili vizuri, kwa sababu tuna ndiva.

Maji ya kijito huingia katika ndiva usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Anayetaka kujua kama shamba la chini litapata maji hahesabu mvua ilinyesha mara ngapi. Huenda kwenye ndiva akatazama maji yamefika wapi. Maji yakiwa machache, hayafiki shamba la chini. Yakizidi, hubomoa ukingo na kusomba miche.

Vidonge ni kijito kinachoingia. Ini na figo ni mlango wa kutolea maji, kwa sababu ndizo zinazoivunja dawa na kuitoa mwilini. Ubongo ni shamba. Kina cha maji ndani ya ndiva ndicho kile tunachokipima katika damu.

Damu ikitiwa katika kichupa na kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine, chembe nyekundu huzama chini, na juu hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu. Maji hayo huitwa plazima. Humo ndimo dawa husafiri kwenda kwenye ubongo, na humo ndimo maabara huipima. Ziko mashine zinazotumia kemikali maalumu ya kunasa dawa moja tu na kuiacha mingine. Ziko nyingine zinazosukuma maji hayo kwa nguvu kubwa ndani ya bomba jembamba lililojazwa unga maalumu. Kila dawa hutoka upande wa pili kwa wakati wake, na mashine huandika ni ipi iliyotoka na kwa kiasi gani.

Viwango ambavyo madaktari wengi hufuata, kwa miligramu katika lita moja, ni hivi: fenitoini 10 hadi 20, fenobabitoni 10 hadi 40, kabamazepini 4 hadi 12, valproeti 50 hadi 100.

KWA NINI WATU WAWILI HAWALINGANI

Watu wawili wakimeza kidonge kimoja, ndiva zao hazijai sawa. Mmoja ana mwili mkubwa, mwingine mdogo. Mmoja ini lake huvunja dawa upesi, mwingine polepole. Watoto mara nyingi huvunja dawa haraka kuliko watu wazima, ndiyo maana mtoto hupewa dawa kwa kadiri ya uzito wake, na dozi hiyo lazima iangaliwe tena kadiri anavyokua. Mama mjamzito naye damu yake huongezeka na mwili wake huitoa dawa kwa kasi zaidi, hivyo dozi iliyomtosha mwaka jana huenda isimtoshe sasa.

Fenitoini ina tabia ya peke yake, na ndiyo iliyotuponza kwa yule kijana. Mlango wake wa kutokea una upana usiobadilika. Ini likishafika ukomo wa kuivunja, ukiongeza kidogo tu, maji hupanda ghafla. Kutoka vidonge 3 kwenda 4 kunaonekana ni hatua ndogo, lakini ndani ya damu kiwango kinaweza kuongezeka maradufu. Ndiyo sababu madaktari wenye uzoefu huongeza dawa hii kwa nusu kidonge au chini ya hapo. Mwaka 1964 daktari Henn Kutt na wenzake kule New York walionyesha jinsi sumu ya fenitoini inavyopanda ngazi: kiwango kikipita 20 macho huanza kucheza, kikikaribia 30 mgonjwa huyumba, kikipita 40 akili huvurugika. Kijana wangu mwenye 34 alikuwa ameandikwa katika ngazi hizo kabla mimi sijaanza kazi ya uuguzi. Mimi nikamwona mlevi.

Kabamazepini nayo hufanya kinyume. Hulifundisha ini kuivunja haraka zaidi, na baada ya majuma machache kiwango hushuka ingawa mgonjwa anameza vile vile. Fenobabitoni huenda taratibu. Kwa mtu mzima huchukua siku 3 hadi 5 kupungua nusu, kwa hiyo ndiva yake huhitaji kama majuma 3 au 4 ili ijae na kutulia. Anayepima au kubadilisha dozi baada ya siku 5 anatazama maji yanayopanda bado.

Halafu ziko dawa zinazogombana. Aisoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huzuia ini lisivunje fenitoini na kabamazepini, na kiwango hupanda. Rifampisini, nayo ya kifua kikuu, hufanya kinyume chake. Dawa za kifafa za zamani, yaani fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, huweza kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na kadi tatu za kliniki tatu, na hakuna mhudumu hata mmoja aliyeziona zote kwa pamoja.

Na lipo jambo la lishe. Fenitoini nyingi iliyomo katika plazima, kama sehemu 9 kati ya 10, hushikwa na protini za damu, na ni ile sehemu ndogo iliyobaki huru ndiyo inayofika kwenye ubongo. Mtoto mwenye utapiamlo ana protini chache. Karatasi ya maabara inaweza kusema dawa ni kidogo, kumbe ile iliyo huru inamtosha. Kwa hiyo namba hutaka mtu wa kuisoma akiwa amemtazama mgonjwa mwenyewe.

ULIMWENGU ULIJIFUNZAJE?

Fenobabitoni ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, baada ya daktari Mjerumani Alfred Hauptmann kuona kwamba wagonjwa wake waliopewa dawa hiyo ili walale walipungukiwa na kuanguka. Fenitoini ilifuata mwaka 1938 kwa kazi ya Houston Merritt na Tracy Putnam kule Boston. Kwa miaka mingi madaktari walitoa dawa hizi kwa kukisia, wakiongeza mpaka mgonjwa atulie au ayumbe. Mwaka 1960 Fritz Buchthal na Ole Svensmark wa Denmark, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba kiasi cha fenitoini katika damu huendana na kupona au kudhurika kwa mgonjwa kuliko idadi ya vidonge.

Kisha likaja tukio la Brisbane, Australia, mwaka 1968. Wagonjwa wa kifafa katika mji huo walianza kuyumba na kupepesuka, mmoja baada ya mwingine. Dozi haikuwa imebadilika. Vidonge vilikuwa na miligramu zile zile. Damu ilipopimwa, wengi wao walikutwa na fenitoini iliyozidi. Uchunguzi uligundua kwamba mtengenezaji alikuwa amebadilisha unga wa kujazia ndani ya dawa, kutoka kalsiamu salfeti kwenda laktosi, yaani sukari ya maziwa. Unga wa zamani ulikuwa ukizuia sehemu ya dawa isiingie mwilini, na unga mpya uliiachia iingie.

Fikirini, ndugu zangu, kama damu isingepimwa. Wangapi wangeambiwa ni walevi? Wangapi wangeambiwa wanakunywa dozi mara mbili kwa ujinga wao? Mgonjwa huweza kutii kila neno na bado akadhurika, na hapo anahitaji shahidi. Damu yake ndiyo shahidi huyo.

KWETU AFRIKA MASHARIKI

Kifafa si jambo la mbali. Huko Ulanga, mkoani Morogoro, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 na Profesa Henry Rwiza na wenzake ulikuta kama watu 10 wenye kifafa katika kila watu 1,000. Chanzo mara nyingi ni kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, au minyoo ya tegu kutoka kwenye nguruwe. Wengine chanzo chao hakijulikani.

Katika eneo hilo hilo la Ulanga, pale Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yeye na Profesa Rwiza walipowafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo kwa miaka 30, walikuta kwamba zaidi ya nusu ya vifo vilitokana na mambo yanayohusiana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo bila fahamu kurudi, kuzama majini, kuungua moto. Nasi tunayajua majeraha hayo. Jiko letu ni mafiga matatu na moto ulio wazi, na mtoto akianguka hapo hana nguvu ya kujiondoa. Nimefunga majeraha hayo kwa mikono yangu, na baadhi ya watoto hao walikuwa na vidonge vyao nyumbani.

Dawa zetu hizi za bei nafuu zinafanya kazi. Huko Nakuru, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1991 uliwapa wagonjwa wa vijijini ama fenobabitoni ama kabamazepini. Kati ya wale waliofika mwisho wa mwaka, zaidi kidogo ya nusu hawakuanguka hata mara moja katika miezi 6 ya mwisho, na dawa hizo mbili hazikupishana. Shirika la Afya Duniani husema kwamba karibu watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata tiba inayofaa.

Mbona basi wengi wanaanguka? Jibu lilitoka Kilifi, pwani ya Kenya. Mwaka 2012 watafiti wa huko walichapisha uchunguzi wa watu 673 wenye kifafa. Hawakutosheka na kuuliza "unameza dawa?" Walichukua damu, wakatafuta dawa ndani yake. Kwa kipimo hicho, watu 62 katika kila 100 walihesabiwa kuwa hawako kwenye tiba. Walipotafuta sababu walikuta zaidi umbali wa kupita kilometa 30 kutoka kituo cha afya, kulipia dawa, kuugua kwa zaidi ya miaka 10, na mgonjwa kuwa na ugumu wa kujifunza. Kutokuwa na imani na tiba ya hospitali kulichangia pia. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, hapa hapa mkoani kwetu Kilimanjaro, nao walikuta kwamba wengi wa wagonjwa hawako kwenye tiba.

Ukizisoma sababu za Kilifi unamwona bibi yule na kisu chake. Umbali na gharama vilikata kidonge chake nusu kabla yeye hajakigusa.

DAMU ISIGEUZWE KESI

Hapa nataka kusema jambo linalonisumbua. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tunapenda kesi, eti mtu atauza ng'ombe ili ashinde shauri la kuku. Naogopa kipimo hiki kisije kikatumika hivyo hivyo: karatasi ya maabara ikawa hati ya mashtaka, mama akasomewa namba mbele ya benchi, "Umeona? Hukumpa dawa!" Tukifanya hivyo, safari ijayo mama huyo hatarudi, au atampa mtoto vidonge vitatu kwa mpigo asubuhi ya kuja kliniki ili namba ipendeze. Namba itapendeza kweli, na mtoto ataanguka njiani wakirudi.

Namba ikiwa chini, swali la kwanza lisiwe "kwa nini hukumpa?" Tuseme: "Mama, hebu nionyeshe unavyompa." Namba ikiwa juu, wa kwanza kuulizwa tuwe sisi tulioandika dozi. Kwa lugha nyepesi, kipimo hiki ni taa, si fimbo.

Wala sisemi kila mgonjwa apimwe. Mgonjwa ambaye haanguki, anakula, anasoma, analima na hayumbi, huyo dawa yake inamtosha, hata kama namba ingeonyesha pungufu. Tunamtibu mtu, hatuitibu karatasi. Kipimo kinawafaa zaidi wanaoendelea kuanguka ingawa wanasema wanameza, wanaoyumba au kusinzia kupita kiasi, wajawazito, wenye utapiamlo au ugonjwa wa ini au figo, walioanzishiwa dawa za kifua kikuu au za virusi, na waliobadilishiwa aina ya kidonge wakabadilika hali.

Najua pingamizi. Mashine hizo ni ghali, na maabara zetu za misheni na za wilaya nyingi hazina. Ni kweli. Lakini si lazima mashine ije Same. Damu inaweza kwenda. Hospitali huzungusha damu, hutenganisha plazima, huiweka kwenye kichupa chenye jina, tarehe, saa ya dozi ya mwisho na saa ya kutoa damu, na kuituma kwa ubaridi. Barabara ya Moshi ni lami, ni kama kilometa 100, na magari ya kwenda huko hayakosekani. Kinachokosekana ni utaratibu: nani anatenganisha, nani anabeba, maabara gani inapokea, majibu yanarudi kwa nani. Hospitali zetu zikikaa pamoja na hospitali ya rufaa zikakubaliana siku moja kwa mwezi, wagonjwa wachache wenye shida kila mwezi wangepimwa bila wao kupanda gari. Gharama ipo, lakini nani aliyekwisha kujumlisha gharama ya mtoto aliyelazwa miezi 2 kwa kuungua, mama yake akiwa kando ya kitanda na shamba la tangawizi likiota magugu?

Jumuiya zetu ndogo ndogo huchangia mazishi bila kusita. Naomba tuchangie pia nauli ya dawa ya aliye hai. Na tuwaombee wagonjwa wetu, sina ugomvi hata kidogo na sala. Ila asiwepo wa kumwambia mgonjwa kwamba akisali asimeze kidonge. Kifafa si pepo, si laana ya ukoo, na mate ya mgonjwa hayaambukizi. Mwinueni anapoanguka.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Wakati tunasubiri utaratibu huo, kuna mengi ambayo familia inaweza kufanya bila mashine.

1. Dawa imezwe saa ile ile kila siku. Ifungeni na jambo lisilosahaulika, kama chakula cha usiku, au tegesheni kengele ya simu.

2. Hesabuni vidonge kila Jumapili. Vikibaki vingi au vichache kuliko inavyotakiwa, jueni kuna jambo.

3. Wekeni daftari. Andikeni tarehe na saa ya kila kuanguka, na siku dozi ilipokosekana. Daftari la mistari minne linamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

4. Mkiona macho yanachezacheza, kuyumba, usemi mzito au usingizi usio wa kawaida, rudini hospitali upesi. Msiongeze dawa na msidhani ni pombe.

5. Msikatize dawa ghafla, hata mgonjwa akiwa hajaanguka mwaka mzima. Kukatiza ghafla kunaweza kuleta kuanguka mfululizo, na huko huua. Kupunguza hufanywa na daktari, polepole. Na kuanguka kukizidi dakika 5, mpelekeni hospitali mara moja.

6. Kama mnakata vidonge kwa sababu ya nauli au bei, tuambieni. Si dhambi wala aibu. Tukijua, tunaweza kumpa mgonjwa dawa ya miezi zaidi, au kuituma kwenye zahanati iliyo karibu.

7. Onyesheni kadi zote na dawa zote, pamoja na za mitishamba. Vidonge vikibadilika rangi au umbo, ulizeni kabla ya kumeza.

8. Pombe, mirungi na kukesha humwamsha mgonjwa wa kifafa vibaya. Usingizi wa kutosha ni sehemu ya tiba.

9. Mama mwenye kifafa akipata mimba, au akitarajia, awahi kliniki. Asiache dawa mwenyewe. Anayetumia valproeti amwone daktari mapema, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

10. Siku ya kupimwa kiwango cha dawa, njooni asubuhi kabla ya dozi ya asubuhi, mkiwa na kidonge mkononi ili kimezwe mara damu ikishatolewa. Tuambieni saa halisi ya dozi ya mwisho, hata kama ilikosekana.

Yule kijana alirudishwa kwenye vidonge 3, na baada ya majuma kadhaa akaongezewa nusu. Macho yalitulia, miguu ikakaza. Siku aliyorudi kliniki benchi lilikuwa limejaa kama siku ile ya kwanza. Nilisimama, nikamwambia mama yake mbele ya wote kwamba yeye alisema kweli na mimi nilikosea, naomba anisamehe. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akafungua kikapu, akanipa tangawizi mbichi, bado ina udongo, akasema, "Sista, wa milimani tukisema tumempa, mtuamini kwanza."

Nimelibeba neno hilo mpaka leo. Tuwaamini kwanza, kisha tupime.